Laini mbili mfukoni: Maamuzi ya kidijitali ya Kampala yanavyopimwa katika soko la Mpondwe

Jumanne na Ijumaa ni siku za soko Mpondwe, na siku hizo mpaka wa Uganda na Congo kwenye mto Lhubiriha hufurika watu kupita kiasi. Wanawake huingia kutoka Kasindi wakiwa na mafuta ya mawese na vitenge; wengine hutoka Bwera wakielekea upande wa pili na samaki wakavu, chumvi ya Katwe, maharagwe na unga. Zamani bei ikishakubaliwa, noti zilihesabiwa juu ya meza. Siku hizi mkono huenda kwanza kwenye simu. Hutolewa moja, kisha ya pili: ya kwanza ina laini ya Uganda, ya pili laini ya Congo. Asiye na zote mbili hufanya biashara kwa shida, kama mtu aliyekuja sokoni bila mizani.

Simu hizo mbili zinaeleza hali ya miji ya Bwera, Mpondwe na Kasese kuliko ripoti nyingi za maendeleo. Zimerahisisha maisha ya watu ambao benki haikuwahi kuwatafuta. Wakati huo huo zimeifanya biashara ya mji mzima itegemee maamuzi yanayofanywa Kampala, umbali wa safari ya siku nzima, na watu ambao kwa sehemu kubwa hawajui soko hili linavyokwenda. Kodi, usajili wa laini, kitambulisho cha taifa na amri ya kuzima intaneti: kila moja ilitungwa kwa sababu yake, na kila moja ilifika Mpondwe kwa namna ambayo waliyoitunga hawakuitarajia.

Samaki wa Kasenyi na fedha zake

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, ni vyema kumfuata samaki mmoja. Kasenyi ni kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa George, ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Malkia Elizabeth, jirani na ziwa dogo la chumvi la Bunyampaka. Ngege, kambare na kamongo wanaotua katika mwalo huo hawaliwi wote Kasenyi. Sehemu yao hukaushwa au kutiwa chumvi, hupelekwa hadi barabara kuu ya Kasese, hupita Kikorongo mahali mstari wa Ikweta unapokata barabara, kisha hugeuka magharibi kuelekea Bwera na mpakani. Wakishavuka, hufuata barabara ya kilomita 80 kutoka Kasindi hadi Beni, na wengine huendelea mpaka Butembo.

Samaki huyo hupita mikononi mwa watu wengi: mvuvi, mwenye mtumbwi, mama anayenunua mwaloni, mkaushaji, dereva, mchuuzi wa Bwera, mteja wa Kasindi. Kabla ya mwaka 2009, kampuni ya MTN ilipoanzisha huduma ya pesa kwa simu nchini Uganda, kila mmoja wao alisubiri noti zimfikie kwa mkono. Mama wa mwaloni alilazimika kukopesha au kukopa. Aliyebeba fedha za wiki nzima alisafiri nazo kwenye basi akiwa ameziweka kifuani, akiomba wasikutane na wanyang'anyi.

Pesa kwa simu ilivunja subira hiyo. Mchuuzi aliyeuza Bwera asubuhi anaweza kumlipa mvuvi wa Kasenyi mchana, na mvuvi akanunua nyuzi za wavu kabla jua halijazama. Kibanda cha wakala kimekuwa benki, posta na ofisi ya mikopo kwa pamoja. Vikundi vya wanawake vimeanza kupokea michango kwa njia hiyo. Makanisa hupokea sadaka, na shule hupokea karo. Taasisi ndogo ambazo hazikuwahi kuwa na akaunti zikajikuta na kumbukumbu za miamala, hata kama kumbukumbu hizo zimo ndani ya simu ya mweka hazina.

Mpakani, hata hivyo, mtandao hukatika mahali nchi inapokatika. MTN, yenye wateja wengi Uganda, haifanyi kazi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Huko kuna Vodacom na M-Pesa yake, kuna Orange, na kuna Airtel, ambayo iko pande zote mbili lakini kwa kampuni mbili na sheria mbili. Pengo hilo limezibwa na watu. Mbadilishaji fedha wa mpakani hupokea faranga au dola kwenye laini ya Congo, kisha hutuma shilingi kutoka laini ya Uganda, na faida yake ni tofauti ya viwango. Kazi hiyo haimo katika mpango wowote wa kidijitali wa serikali mbili hizi, nayo ndiyo inayolifanya soko liende.

Mwaka ambao noti zilirudi

Julai 1, 2018, serikali ya Uganda ilianza kutoza kodi mbili kwa mpigo. Ya kwanza ilikuwa shilingi 200 kwa siku kwa kila mtumiaji wa mitandao ya kijamii kama Facebook, Twitter na WhatsApp. Ya pili ilikuwa asilimia 1 ya thamani ya muamala wa pesa kwa simu. Ulimwengu uliizungumza zaidi ile ya kwanza, kwa kuwa ilihusu uhuru wa kusema. Katika miji ya biashara ndogo, iliyouma ni ile ya pili.

Hesabu yake ni nyepesi. Muamala wa shilingi laki tano ulikatwa shilingi 5,000 za kodi, mbali na ada ya kampuni ya simu. Kwa mnyororo wenye mikono saba kama ule wa samaki wa Kasenyi, fedha zile zile zilitozwa kila zilipobadilisha mikono. Faida ya mchuuzi kwa furushi moja haikuwa kubwa kiasi cha kuvumilia makato hayo. Hivyo watu wakafanya walichojua kufanya tangu zamani: wakarudi kwenye noti.

Benki Kuu ya Uganda ililieleza Bunge kwamba katika wiki mbili za kwanza za Julai thamani ya miamala ilishuka kwa shilingi bilioni 672 ikilinganishwa na wiki mbili za kwanza za Juni. Takwimu hiyo ni ya nchi nzima, lakini maana yake mtaani ilionekana bila takwimu. Wakala asiye na wateja hawezi kuweka floti. Asiyeweka floti hawezi kumhudumia hata yule mmoja aliyekuja. Baadaye mwaka huo Bunge lilipunguza kodi hiyo hadi asilimia 0.5, ikatozwa katika kutoa fedha pekee.

Kuhusu kodi ya mitandao ya kijamii, katika mwaka wake wa kwanza wa fedha Mamlaka ya Mapato ilikusanya shilingi bilioni 49.5, ilhali lengo lilikuwa bilioni 284. Wenye ujuzi walitumia programu za kuficha mahali walipo. Wasio na ujuzi waliacha kutumia. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2021, mahali pake pakawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya data. Mwanafunzi wa Kasese anayenunua kifurushi cha siku leo anaulipa bila kuuona.

Mwaka huo huo wa 2018 vocha za kukwangua nazo ziliondolewa sokoni kwa agizo la Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC. Ni jambo dogo kwa mkaazi wa Kampala. Kwa mwenye duka la nafaka katika kijiji cha mwaloni, vocha zilikuwa bidhaa isiyooza.

Jina la nani limeandikwa kwenye laini?

Usajili wa laini nchini Uganda ulianza Machi 2012, ukitegemea sheria ya mwaka 2010 inayoruhusu dola kufuatilia mawasiliano. Kwa miaka kadhaa utaratibu ulikuwa legevu. Ulikazwa ghafla baada ya afisa mwandamizi wa polisi, Andrew Felix Kaweesi, kuuawa kwa risasi Machi 2017. Mwezi uliofuata UCC iliagiza kila laini ithibitishwe kwa kitambulisho cha taifa, na baada ya muda wa mwisho kusogezwa mara kadhaa, mamilioni ya watu walipanga foleni. Tangu hapo namba ya kitambulisho imekuwa ufunguo wa mlango wa kwanza, na nyuma ya mlango huo milango mingine imeendelea kujengwa.

Hapa ndipo wilaya ya mpakani inapoumia kwa namna yake. Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Congo wanasema lugha ambazo ni kama moja, huoana, huzikana na hulima mashamba yanayotazamana ng'ambo ya mto. Msichana aliyezaliwa Mutwanga na kuolewa Bwera ana watoto, shamba na deni upande wa Uganda. Mbele ya mashine ya usajili anaulizwa kijiji cha babu yake. Watumishi wa usajili wana sababu ya kuuliza, maana kitambulisho cha taifa ni cha raia, lakini jibu lake huamua pia kama ataweza kupokea malipo ya maharagwe yake. Haki mbili zisizofanana, ya uraia na ya kupokea fedha, zimefungwa katika kadi moja.

Mwaka 2021 mashirika matatu, kituo cha haki za binadamu cha Chuo Kikuu cha New York pamoja na ISER na Unwanted Witness ya Uganda, yalitoa ripoti kuhusu mfumo huo. Ilikadiria kuwa kati ya asilimia 23 na 33 ya watu wazima hawakuwa na kadi. Ilieleza wazee walioshindwa kupokea ruzuku ya shilingi 25,000 kwa mwezi, na wanawake waliorudishwa kutoka vituo vya afya. Sababu zilikuwa za kawaida mno: jina lililokosewa herufi, tarehe ya kuzaliwa isiyo sahihi, ofisi iliyo mbali, alama za vidole zilizofutika kwa kazi. Kubadilisha kadi iliyopotea hugharimu shilingi 50,000, kiasi ambacho kwa mzee huyo ni ruzuku ya miezi miwili.

Wasio na kadi hawakuacha simu. Walitumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya watu wengine: mume, kaka, mwenye nyumba, wakati mwingine wakala mwenyewe. Hili ndilo tatizo ambalo halionekani katika takwimu, kwa kuwa katika rejista laini hiyo ni halali kabisa. Ugomvi wa ndoa ukizuka, mwenye jina anaweza kwenda kwenye kampuni ya simu, akatangaza laini imepotea, akapewa mpya, na akiba ya mwanamke ikaondoka nayo. Kikundi kinachoweka fedha zake kwenye laini ya katibu kimempa mtu mmoja, kisheria, fedha za watu thelathini. Mama aliyekuwa akificha noti kwenye kopo la unga angalau alijua kopo ni lake.

Wakimbizi wa Congo walipata afueni kiasi. Agizo la kitambulisho liliwaacha nje, wakati Uganda inawahifadhi wengi wao katika makaazi kama Rwamwanja, wilaya jirani ya Kamwenge. Baada ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, UNHCR, kulifuatilia suala hilo kwa muda mrefu, UCC ilikubali mwaka 2019 kwamba nyaraka za ukimbizi zitoshe kusajili laini. Sheria haikubomolewa wala usalama haukuporomoka. Ilihitajika tu mtu mwenye mamlaka akubali kwamba kuna binadamu halali wasio na kadi ya uraia.

Fedha za serikali nazo hupita mlango huo huo. Mpango wa Maendeleo wa Parokia, uliozinduliwa Februari 2022, unatenga shilingi milioni 100 kwa mwaka kwa kila parokia, na kaya hukopeshwa shilingi milioni moja moja kupitia chama cha akiba na mikopo cha eneo lake. Malipo hupita katika pochi ya simu ya WENDI, ya benki iliyojulikana awali kama PostBank. Nia ni njema na inaeleweka: fedha zikimfikia mtu moja kwa moja, mkono wa kati hupungua. Lakini asiye na namba ya kitambulisho hana pochi, na wazee wa parokia wanaomjua tangu utotoni hawana kitufe cha kuithibitishia mashine kwamba wanamjua.

Hofu ya dola ina sababu

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kuilaumu serikali. Wakaazi wa Mpondwe wenyewe hawawezi kufanya hivyo kwa moyo mweupe. Usiku wa Juni 16, 2023, wapiganaji wa kundi la ADF walivuka kutoka Congo na kuishambulia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha. Zaidi ya watu 40 waliuawa, wengi wao wanafunzi waliokuwa wamelala mabwenini. Baada ya usiku ule, ni vigumu kumwambia mzazi wa Mpondwe kwamba laini isiyojulikana mwenyewe ni jambo la faragha tu. Rejista ya laini ni mojawapo ya nyenzo za kuchunguza nani alimpigia nani.

Swali la haki ni kama nyenzo hiyo inatazama mahali panapostahili. Miaka minne kabla, Juni 2019, wilaya hii ilitoa somo ambalo halikupewa uzito wa kutosha. Mtoto wa miaka mitano aliyetoka Congo na familia yake alikutwa na Ebola, mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa Uganda katika mlipuko uliokuwa ukiisumbua Kivu Kaskazini. Mpakani kulikuwa na vipima joto na fomu. Familia ilipita njia ya miguu isiyo na kituo, kama familia za hapa zinavyopita zikiwa na msiba. Waliogundua walikuwa wahudumu wa Hospitali ya Kagando, walioiangalia hali ya mtoto na kuuliza alikotoka. Ugonjwa ulithibitishwa Juni 11, kitengo cha Ebola cha Bwera kikapokea wagonjwa, na maafisa wa pande mbili wakashirikiana kuwafuatilia waliogusana nao. Watatu wa familia hiyo walifariki, lakini maambukizi hayakusambaa Uganda.

Simu zilisaidia sana siku zile, kwa kuwa wapigaji walijuana na walikuwa na neno la kuambiana. Kifaa cha lango hakikumwona mtoto, muuguzi alimwona.

Siku taa za mtandao zilipozimwa

Januari 2021, uchaguzi mkuu ulipokaribia, mitandao ya kijamii ilifungwa kwanza, kisha jioni ya Januari 13, mkesha wa kura, intaneti ikazimwa nchi nzima. Ilirudi Januari 18, ingawa Facebook iliendelea kufungwa. Miaka mitano baadaye hali ilijirudia: Januari 13, 2026, siku mbili kabla ya kura, UCC iliagiza kampuni zisimamishe intaneti kwa umma, uuzaji na usajili wa laini mpya, pamoja na huduma ya data kwa wanaovuka kwenda nchi za mtandao mmoja wa Afrika Mashariki. Tume ilieleza kuwa lengo ni kuzuia habari za uongo na uchochezi.

Kwa mtaalamu wa mitambo, kuna tofauti kati ya intaneti na huduma ya pesa inayopatikana kwa kubonyeza nyota na namba, maana hiyo ya pili hupita njia nyingine. Kwa mchuuzi, tofauti hiyo ina maana ndogo. Bei ya samaki ya siku hutangazwa kwenye kundi la WhatsApp. Picha ya mzigo hutumwa humo, na sauti ya mteja wa Beni akisema malori yamekwama hufika humo. Mzigo huharibika wakati wahusika wake wakitafutana kwa simu za kawaida, ambazo hugharimu zaidi na humfikia mtu mmoja mmoja.

Katika kuzima intaneti mwaka 2026, baadhi ya mifumo ya huduma za lazima, kama hospitali na benki, iliachwa iendelee. Orodha ya namna hiyo inafichua mengi. Kila taasisi yenye mwanasheria na ofisi Kampala inaweza kuomba iingizwe. Kundi la WhatsApp la wauza samaki wa Bwera ni taasisi pia, lina uongozi na kanuni, na kwa siku ya soko hupitisha fedha ambazo tawi dogo la benki lisingezidharau. Halimo katika orodha yoyote kwa sababu halina anwani ambayo barua inaweza kutumwa.

Mawimbi ya simu, kwa bahati, hayasimami mpakani kuonyesha hati. Aliye na laini ya Congo karibu na mto anaweza kupata ishara ya ng'ambo. Laini ya pili, ambayo kwa macho ya msimamizi ni dalili ya mtu wa kutiliwa shaka, kwa mfanyabiashara ni bima.

Sanduku lenye kufuli tatu

Vikundi vya kuweka na kukopa vimeenea katika vijiji vya Kasese kama ilivyo kwingineko Uganda. Utaratibu wao unafahamika: sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, daftari la kila mwanachama lenye mihuri ya hisa, na fedha zinazohesabiwa mbele ya wote. Wengi walitabiri kwamba simu ingeua sanduku. Halikufa. Wanachama hutuma michango kwa simu wakiwa mbali, lakini mihuri bado hupigwa kwenye daftari, na kikao hakifungwi mpaka kiasi kitamkwe kwa sauti.

Wataalamu wa teknolojia huuita mwenendo huo kuchelewa. Ni afadhali uitwe usimamizi. Kikundi chenye daftari kiliweza kuendelea kukopeshana Julai 2018 na Januari 2021, wakati kile kilichohamishia kila kitu kwenye simu ya mtu mmoja kilisubiri. Daftari pia humsoma mwanachama jinsi alivyo. Lina jina lake la mtaani, jina la mumewe, na kumbukumbu ya mkopo aliolipa kwa kuchelewa kwa sababu alifiwa. Halimuulizi babu yake alizaliwa ng'ambo gani ya mto.

Sanduku nalo lina hatari zake. Mwaka 2020 mto Nyamwamba ulipofurika uliharibu vibaya Hospitali ya Kilembe, na nyumba nyingi ziliondoka na kila kilichokuwamo, karatasi haielei. Kuna waweka hazina waliotoroka na funguo. Kuna wanachama wasiojua kusoma ambao daftari kwao ni fumbo kama skrini ilivyo fumbo. Na sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inamtaka kila anayekusanya taarifa za watu azitunze kwa masharti yanayoeleweka, wajibu ambao vyama vingi vya akiba vinavyokusanya nakala za vitambulisho havijaelezwa kwa lugha ambayo wanachama wake wanaielewa.

Suala la lugha linastahili kutajwa, hata kama wasimamizi huliona dogo. Sheria za Uganda huandikwa kwa Kiingereza. Soko la Mpondwe hupatana bei kwa Kikonzo na Kiswahili. Kiswahili kimo katika katiba kama lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Baada ya siku nyingi za tangazo kama hilo, amri ya kuthibitisha laini bado hutafsiriwa na mtoto wa shule anayesomea wazazi wake ujumbe kwenye simu. Akikosea neno moja, nyumba nzima hupoteza laini.

Kadi mpya, vidole vya zamani

Tangu Mei 27, 2025, Mamlaka ya Kitaifa ya Utambulisho na Usajili, NIRA, imekuwa ikiwaandikisha Waganda upya, kwa kuwa kadi za awamu ya kwanza zilizotolewa tangu mwaka 2014 zilikuwa na muda wa miaka kumi. Safari hii mashine inachukua pia picha ya mboni ya jicho. Kwa wilaya ya Kasese mabadiliko hayo yana uzito wa pekee. Wachimbaji wa chumvi wa Katwe na wa Bunyampaka hufanya kazi ndani ya maji makali. Wavuvi wa Kasenyi huvuta kamba usiku kucha. Vidole vyao ndivyo vile ambavyo mashine za awali zilishindwa kuvisoma. Jicho halichubuliwi na wavu.

Lakini jicho husomwa na mashine, na mashine huhitaji umeme, mtumishi na siku ya kufika. Mvuvi aliyekesha ziwani hulala asubuhi, saa ambazo ofisi hufunguliwa. Mchuuzi wa samaki yuko sokoni Jumanne na Ijumaa. Ratiba ya timu ya usajili katika kijiji cha mwaloni, na siku zitakazochaguliwa, zitaamua idadi ya watakaokuwa na laini kwa majina yao wenyewe kuliko ubora wa kamera. Mke wa Bwera aliyezaliwa Mutwanga naye atafika mezani, atafungua macho mbele ya kifaa, na ataulizwa tena swali lile la babu yake.